Shokomzoba Haibebi Mzigo

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ipo Land Rover ya zamani, ile ndefu ya Series III. Bati lake limebonyea hapa na pale. Mlango wa dereva hufungwa kwa kamba ya katani. Lakini injini inawaka, tena hata asubuhi ya baridi haisumbui. Gari hili ni mali ya kijiji. Siku ya mnada hubeba magunia. Siku nyingine hubeba mbegu, mabomba ya kisima, na watu wanaokwenda msibani. Usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, ndilo linalompeleka hospitali. Ni kilomita 42 za barabara ya vumbi.

Msimu mmoja, baada ya mavuno, gari hilo likaanza kukaa chini upande wa nyuma. Likipakiwa magunia linainama mgongo kama fisi. Likiingia shimoni, chuma kinagonga chuma. Kamati ya gari ikakutana chini ya mwembe. Mjumbe mmoja akasema, "Jamani, shokomzoba zimekufa. Tununue ngumu kabisa, za lori, ndizo zitakazobeba mzigo." Wajumbe wakaona ni neno. Pesa zikatoka katika mfuko wa kijiji, na dereva akatumwa mjini. Akarudi na shokomzoba mbili za nyuma, nene kama mchi, nyekundu, zinang'aa. Hazikuingia vizuri, lakini fundi alitumia nyundo na bushi za kuchonga, zikaingia.

Basi gari likapanda? Halikupanda hata sentimita moja. Likipakiwa, lilibaki limeinama vilevile. Na sasa likiwa tupu lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Wiki ya tatu akapelekwa mama mmoja hospitali usiku. Alilazwa nyuma juu ya godoro, mama mkwe wake kamshika kichwa. Walipokwenda kama kilomita 10 hivi, yule mama mkwe akagonga kioo. "Dereva, mwanangu, simama! Utamuua mtu humu." Kutoka hapo walikwenda mwendo wa baiskeli. Safari ya saa moja na nusu ikawa ya saa nne. Mama alijifungua salama, tunashukuru, na mtoto ni mzima. Lakini waliokuwa ndani ya gari usiku ule hawajasahau.

Siku chache baadaye gari likavuka korongo. Gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani. Ikasikika "kwaa!" Shokomzoba ya kushoto iling'oka pamoja na kipande cha chuma inaposhikiliwa.

Sisi wa elimu ya watu wazima tulifika pale kwa ajili ya darasa, tukawakuta wazee wamelizunguka gari kama watu walio kwenye msiba. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, alikuwa ameshika boksi la zile shokomzoba. Akatuuliza, "Mwalimu, neno Land Rover mimi ninalijua, limeandikwa kwenye gari letu. Mbona hapa kwenye boksi silioni?"

Darasa la jioni ile lilifanyika chini ya gari. Mengi ya somo hili yametoka pale.

KAZI MBILI, VYOMBO VIWILI

Watu wengi hudhani shokomzoba, au shokapu kama wengine wanavyoiita, ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Anayebeba ni springi. Gari likiwa limesimama uwanjani na mzigo wake, springi ndizo zinazoubeba. Ukizifungua shokomzoba zote nne ukaziweka pembeni, Land Rover itabaki imesimama kwa kimo kile kile.

Sasa kazi ya shokomzoba ni nini? Tulifanya jaribio, nanyi mnaweza kulifanya darasani kwenu. Tulichukua utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, tukaufunga kwenye tawi la mwembe. Chini yake tukaning'iniza jiwe zito kiasi. Tukalivuta jiwe chini, tukaliachia. Likapanda na kushuka, likapanda na kushuka. Darasa zima likahesabu kwa sauti mpaka 14.

Halafu tukachukua kifuniko cha bati cha kopo, tukakitoboa matundu manne kwa msumari. Tukakifunga chini ya jiwe kwa waya mgumu, kifuniko kikawa ndani ya ndoo ya maji na jiwe likabaki nje juu ya maji. Tukavuta tena, tukaachia. Jiwe likapanda, likashuka, likapanda kidogo, likatulia. Basi.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, jiwe lilining'inia karibu pale pale lilipokuwa. Kifuniko hakikulibeba. Pili, ile michezo yake ilikwisha. Mpira ndio springi. Kifuniko ndani ya maji ndiyo shokomzoba. Mzee mmoja akasema, "Kumbe springi ni punda, na shokomzoba ni mtu anayeshika kamba." Sisi hatukuwa na maneno mazuri kuliko hayo.

Tulipoongeza matundu kwenye kifuniko, jiwe lilichelewa kutulia. Tulipoyaziba yote, likawa zito, halitaki kwenda wala kurudi. Hilo la mwisho ndilo lililompata yule mama usiku. Shokomzoba ngumu kupita kiasi haiachi springi ifanye kazi. Tairi likikuta jiwe, badala ya tairi kupanda peke yake, gari zima hurushwa juu pamoja na aliyelala ndani.

NDANI YA SHOKOMZOBA

Ukiipasua shokomzoba iliyokufa (ile ya oili tu, ya gesi usiiguse, tutaeleza) utakuta bomba, fimbo ya chuma laini, na mwisho wa fimbo pistoni. Ndani ya bomba kuna oili. Pistoni ina matundu madogo na vali. Gurudumu likipanda, pistoni inasukumwa ndani, na oili inalazimika kupenya katika matundu yale. Gurudumu likishuka, pistoni inavutwa, na oili inapenya tena kurudi. Kwa kawaida shokomzoba hutengenezwa iwe ngumu zaidi inapovutwa kuliko inapobanwa. Maana yake, gurudumu huachwa lipande upesi juu ya jiwe, lakini springi ikitaka kujirusha kurudi, hapo inashikwa.

Nguvu ya kuruka inakwenda wapi? Inageuka joto. Oili inayopenya kwa nguvu katika tundu dogo hupata moto, na bomba nalo hupata moto. Tulipiga hesabu na darasa. Barabara yetu ina makunyanzi, yale madereva wanayoyaita rasta. Tuliyapima kwa futi kamba, tukapata kama sentimita 60 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linapita mita 40,000 katika saa hiyo. Gawanya kwa 0.6. Jibu ni zaidi ya 66,000. Kila gurudumu hupigwa mara zaidi ya 66,000 kwa saa moja! Hakuna mwanadamu angevumilia vibao hivyo.

Oili ikichemka na kutikiswa namna hiyo huchanganyika na hewa iliyo ndani na kuwa povu. Povu hupenya matundu kirahisi mno. Hapo shokomzoba inalegea ingawa bado ni nzima. Madereva wanasema imechoka. Ukiiacha ipoe, inarudi. Kwa sababu hiyo viwanda huweka gesi ya naitrojeni mahali pa hewa, ikiwa imeshindiliwa kidogo. Gesi iliyoshindiliwa inaizuia oili isifanye povu upesi.

Tairi linaloruka halishiki breki. Lipo hewani, litashika nini? Dereva akikanyaga breki kwenye rasta huku shokomzoba zimekufa, gari linateleza kama limekanyaga ndizi mbivu. Katika kona linatoka nje. Kwa hiyo suala hili si la starehe ya abiria peke yake.

TAZAMA SPRINGI KWANZA

Land Rover za Series zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Series III ilitoka mwaka 1971 na ikaendelea hadi 1985. Basi hata ile ya mwisho kutoka kiwandani ina miaka kama 40, nayo imepita mikononi mwa mafundi wengi. Namba 109 na 88 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ile ya 109 ni kama sentimita 277, ya 88 ni kama sentimita 224. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ni chuma, na kutu inaila kutoka ndani. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima juu huku mahali pa kufungia shokomzoba pameoza. Gonga pale kwa nyundo ndogo. Sauti ya chuma kizima unaijua, na sauti ya debe bovu unaijua.

Springi za gari hili ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja fupi kuliko la juu yake, yakafungwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa kama herufi U. Mabapa haya yanapopinda husuguana. Msuguano huo nao hutuliza mtikisiko, yaani springi yenyewe inafanya kidogo kazi ya shokomzoba. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna kipimo kinachojulikana: unabonyeza pembe ya gari kwa nguvu, unaachia, na ikiruka zaidi ya mara moja na nusu unasema shokomzoba imekufa. Kwa gari dogo la springi za kuzunguka kipimo hicho kinafaa. Kwa Land Rover ya mabapa kinadanganya. Vijana watatu walibonyeza ile ya kijijini, haikuruka hata kidogo, nao wakasema shokomzoba ya kulia ni nzima. Tulipoifungua, haikuwa na oili hata tone. Mabapa yalikuwa yameshikana kwa kutu, ndiyo yaliyoizuia isiruke.

Mabapa yakishikana hivyo, gari huwa gumu kama mkokoteni, na mwenye gari hulaumu shokomzoba. Dawa yake ni kuyafungua, kuyasugua kwa brashi ya waya, kuyapaka oili, na kuyafunga tena. Oili isiguse bushi za mpira, maana mpira huvimba na kuoza. Ni kazi ya siku nzima na inachafua nguo, lakini ni rahisi kuliko kununua vipya.

Katika gari la kijiji tulikuta mabapa mawili ya kushoto yamevunjika, na ya kulia yamelala, hayana tena ule upinde wake. Hiyo ndiyo sababu ya kukaa chini kama fisi. Kamati ilimnunulia dawa mtu asiyeumwa.

Siku hizi zipo springi za namna nyingine, zenye mabapa mawili au matatu tu, manene katikati na membamba mwishoni, na katikati pameachwa nafasi yasigusane. Gari huwa laini. Lakini kwa kuwa hazisuguani, kazi yote ya kutuliza inaiangukia shokomzoba. Ukifunga springi hizo ukabakiza shokomzoba dhaifu za zamani, gari litayumba kama ngalawa. Springi zikibadilika namna, shokomzoba nazo zichaguliwe upya.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani kuna watu wanaotunza magari ya miaka ya 1960 yaliyopewa injini kubwa mno, magari ya mbio za lami. Moja ni Chevrolet Camaro, lililoanza na modeli ya 1967. Nyuma, mengi ya magari hayo yalikuwa na springi ya bapa moja tu kila upande. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli ilijipinda na tairi zikadunda, na nguvu yote ya injini ikaishia kwenye moshi wa mpira. Katika modeli ya 1968 kiwanda kikahamisha shokomzoba za nyuma: moja ikafungwa mbele ya ekseli, nyingine nyuma yake, ili zizuie kule kujipinda. Gari la mbio la Marekani na Land Rover ya magunia hazifanani kwa lolote, lakini anayezichagulia shokomzoba anaanza na maswali yale yale. Springi ni za namna gani? Gari linafanya kazi gani siku nyingi?

Hili la siku nyingi lina uzito wake. Gari likiwa na mzigo, springi hurusha kitu kizito zaidi, na shokomzoba inahitaji nguvu zaidi. Likiwa tupu, nguvu hiyo hiyo inakuwa ya kuzidi. Huwezi kupata zote mbili. Kama gari hubeba magunia siku moja kwa juma na watu siku sita, lichagulie watu, na siku ya magunia dereva apunguze mwendo. Wapo watakaobisha, hasa wenye magunia. Wacha wabishe, magunia hayaumwi uchungu.

KUPIMA UREFU

Shokomzoba ya lori ilivunja gari letu kwa sababu ya urefu kuliko hata ugumu. Kila shokomzoba ina vipimo viwili: ikibanwa kabisa na ikivutwa kabisa. Ikibanwa ni lazima iwe fupi kiasi kwamba ekseli igonge mpira wa kuzuia, ule ulio chini ya chasisi, kabla shokomzoba haijafika mwisho wake. Ikivutwa ni lazima iwe ndefu kiasi kwamba gurudumu likining'inia, lisishikiliwe na shokomzoba. Shokomzoba ikiwa fupi mno, inakuwa mnyororo. Inabeba ekseli nzima pamoja na magurudumu. Itang'oka tu.

Pima hivi. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Ondoa shokomzoba ya zamani. Pima kutoka katikati ya pini ya juu hadi katikati ya pini ya chini. Tuseme ni sentimita 44. Kisha pima nafasi kati ya ekseli na ule mpira wa kuzuia. Tuseme 8. Toa: 44 kutoa 8 ni 36. Mpira hubonyea, kwa hiyo toa 2 zaidi za tahadhari. Shokomzoba yako ikibanwa isizidi sentimita 34.

Halafu inua chasisi kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie. Weka magogo imara chini ya chasisi. Tunarudia: magogo imara, si jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma. Pima tena pini hadi pini. Tuseme ni 52. Ongeza 2, iwe 54. Shokomzoba ikivutwa ifike 54 au zaidi.

Ile nyekundu ya lori, tulipoivuta, iliishia 48. Gari lilitaka 52. Lile korongo lilimaliza hesabu ambayo sisi hatukuipiga.

Andika vipimo vyako kwenye karatasi, mbele na nyuma mbalimbali, maana havifanani. Mpe dereva aende nayo dukani. Kumbukumbu ya kichwani husahaulika njiani, hasa mtu akikutana na rafiki mjini.

DUKANI

Soma boksi. Utafute jina la gari lako, namba 109 au 88, na mwaka wa gari. Mara nyingi utaona neno FRONT, maana yake mbele, au REAR, maana yake nyuma. Kama boksi na kilichomo ndani haviandani, rudisha. Muuzaji akikwambia "hizi zinaingia gari zote", mshukuru, uende duka la pili.

Nunua mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Moja mpya na moja iliyochoka kwenye ekseli moja hulivuta gari upande.

Zipo zenye mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na zipo zenye bomba moja nene lenye gesi iliyoshindiliwa sana. Zile za bomba moja hupoa haraka, kwa kuwa bomba lenye pistoni ndilo linalopigwa na upepo. Lakini jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni inakwama na shokomzoba imekwisha. Za mabomba mawili zikibonyezwa nje, bomba la ndani huweza kubaki salama na kazi ikaendelea. Kwa barabara zetu za changarawe, na kwa mfuko wa kijiji, sisi tungechukua za mabomba mawili zenye gesi ya kiasi. Mwenye gari la mbio anaweza kuchagua vingine.

Ishike kwa mkono, wima. Ibane na uivute mara kadhaa, kwa mwendo wake wote. Inatakiwa ikatae kwa utulivu, kwenda na kurudi. Mahali inapopita bure bila kukataa, pana hewa au vali mbovu. Ile ya mabomba mawili ikilala dukani kwa muda mrefu, hewa huingia kwenye oili, kwa hiyo usiikatae kwa mvuto wa kwanza. Ibane na kuivuta mara tano sita ikiwa wima, ndipo uhukumu. Na kabla ya kuifunga kwenye gari fanya hivyo tena. Ile ya gesi, ukiibana ukaiachia, hurefuka yenyewe polepole. Isiporefuka, gesi imetoka.

Kuhusu zilizotumika, mtumba: fimbo iwe laini kama sindano mpya, isiwe na mkwaruzo wala kutu. Mkwaruzo mmoja unakata sili, na oili yote inatoka. Unyevu kidogo juu ya bomba si kitu. Oili inayotiririka na kukusanya vumbi ni mwisho wake.

Wapo mafundi wanaotoboa shokomzoba iliyokufa, wanajaza oili, wanachomea. Tumeona wanaojaza oili ya giaboksi. Oili hiyo ni nzito mno, asubuhi shokomzoba inakuwa fimbo. Na kwa zile za gesi, kutoboa au kuchomea ni hatari. Zinaweza kulipuka usoni mwa fundi. Tunamwomba kila mwenye gari asimpe kijana kazi hiyo, hata kama ni rahisi kwa bei.

BAADA YA KUFUNGA

Endesha gari kwenye barabara mbaya kwa kama nusu saa. Simama. Dondoshea tone la maji juu ya kila shokomzoba, kisha sogeza kiganja bila kugusa. Zinazofanya kazi zitakuwa na joto. Ukikuta moja ya baridi na mwenzake wa ekseli hiyo hiyo ana joto, ile ya baridi haifanyi kazi. Kwa Land Rover ya mabapa kipimo hiki kinashinda kile cha kubonyeza. Dereva wa kijiji hukifanya kila siku ya mnada, na watoto humzunguka kumtazama.

Kijiji kile kiliuza shokomzoba nyekundu kwa mtu mwenye lori, kwa hasara. Fundi akachomea kipande kipya cha chasisi. Mabapa mawili yakanunuliwa, mengine yakasuguliwa na kurudishiwa upinde. Shokomzoba za nyuma zilinunuliwa mwezi wa pili yake, baada ya pesa kupatikana, za kawaida tu, zenye vipimo vya kwenye karatasi. Yule mama aliyesoma boksi ndiye sasa anayetunza daftari la gari. Mara ya mwisho tulipopita alikuwa akibishana na dereva juu ya bushi za mpira, na tuliona heri tusiingilie.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Gari likiwa limesimama na mzigo, ni kitu gani kinachoubeba? Fanyeni jaribio la jiwe na kifuniko, mhesabu.

2. Kwenye gari moja, pini hadi pini ni sentimita 43. Nafasi hadi mpira wa kuzuia ni sentimita 7. Gurudumu likining'inia, pini hadi pini ni sentimita 51. Wekeni tahadhari ya sentimita 2 kila upande. Dukani zipo tatu: ya kwanza ikibanwa ni 36 na ikivutwa ni 56; ya pili ni 33 na 50; ya tatu ni 34 na 54. Mtachukua ipi, na zile mbili zina kasoro gani?

3. Gari linakwenda kilomita 30 kwa saa juu ya rasta za kila sentimita 50. Kila gurudumu linapigwa mara ngapi kwa saa moja?

4. Kijiji kina pesa za kitu kimoja tu msimu huu: springi za nyuma, shokomzoba, au matairi mawili. Gari hilo ndilo la wagonjwa. Mngeanza na kipi, na mngewaelezaje wajumbe wanaotaka kingine?